Baba, Nimekutoa kwenye Jedwali

Baba,

Kazi yangu ya saikolojia inatakiwa shuleni kesho, na kabla sijaituma kuna jambo ni lazima ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Nimelitoa jina lako kwenye jedwali la matokeo.

Usikasirike kabla sijamaliza. Najua ungekuwa umeshakunja uso, kama siku ile nilipokuambia naacha kemia nichukue saikolojia mwaka huu wa mwisho wa shule. Ulikuwa umetoka bandarini, bado umevaa jaketi lako la manjano la kuendeshea lori. Uliweka funguo mezani ukaniuliza, "Hiyo si masomo ya wagonjwa wa akili? Chemistry ilikukosea nini, mami?" Uliniita mami kwa sababu nimebeba jina la mama yako, hata ukiwa na hasira. Nikakujibu kwa Kiingereza, nikijua vizuri kwamba hilo linakuudhi zaidi. Tukanuniana wiki nzima. Miezi minne baadaye moyo wako ukasimama ghafla, na hukuwahi kuniambia kwamba nilichagua vizuri. Hilo ndilo lililonikera tangu tukuzike.

Hapa mtaani Doonside, huku ugenini, tunaendelea. Mama ameacha zamu za usiku hospitalini kule Westmead. Kiti chako hatukikalii. Hakuna aliyekataza, ni vile tu kila mtu anakipita. Mapipa ya taka nayatoa mimi siku hizi, na nimeshasahau mara mbili.

Jumamosi iliyopita Mama alianza kupanga nguo zako za kugawa. Kwenye mfuko wa jaketi akakuta karatasi, akaniita niitazame kwa sababu hakuielewa. Ilikuwa karatasi ya kuchukulia kontena, na nyuma yake umeandika maneno ishirini kwa zile herufi zako kubwa: sabuni, ngazi, ndimu, kengele, na mengine yote. Kila neno umeliwekea alama ya vema. Ngazi umeiandika tena pembeni mara tatu, nadhani ilikuwa inakuponyoka.

Nikakaa kwenye kitanda chenu, nikaisoma tena tangu neno la kwanza.

Unakumbuka Jumapili ile nilipowakusanya watu kumi na wawili sebuleni baada ya kanisa, nipime kumbukumbu zao. Nusu walisoma orodha tu. Nusu nyingine, wewe ukiwemo, niliwaambia wajenge picha ya kila neno kichwani. Mama Njeri wa kanisani alijaribu kumnong'oneza aliyekaa karibu naye majibu ili asiaibike, nikamhamishia jikoni. Wewe ulikaa wima kama uko mbele ya afisa wa uhamiaji, ukasema, "Form nimesaini, mami. Sasa leta exam." Nilicheka. Sikukurekebisha. Ukapata ishirini kwa ishirini wakati aliyekufuata alipata kumi na moja, nami nikawatangazia wote kwamba baba yangu ana kichwa. Ukainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Kumbe ile orodha niliyoiacha kando ya printa ulikuwa umeinakili, ukaikariri kwenye foleni za malori kule bandarini, Port Botany. Mama anasema alikusikia pia ukinong'ona bafuni, akadhani unasali. Ulidhani ukikosa wewe, nitaanguka mimi.

Nimelia, Baba, na katikati ya kulia nikacheka. Somo ulilolibeza ulilisomea kwa bidii kuliko mimi. Sidhani kama nahitaji tena uniambie chochote kuhusu kemia.

Lakini kazi ilikuwa bado inanisubiri. Mtu aliyeiona orodha mapema hahesabiwi, hilo kila mmoja darasani kwetu analijua. Siku tatu nilijidanganya kwamba nani atajua. Ni namba yako iliyofanya kundi la picha lishinde, na katika kazi zangu zote za shule hii ndiyo pekee ambayo wewe umo ndani. Nilimweleza mwalimu. Akasema kwa upole kwamba muda zaidi anaweza kunipa, lakini uamuzi ni wangu. Jana jioni nikakufuta. Makundi mawili yakawa karibu sawa, dhana yangu ikaanguka, na nikaandika hivyo hivyo ilivyo. Maksi zikipungua, zipungue.

Kosa halikuwa lako. Kabla ya jaribio tunatakiwa kumweleza kila mtu polepole anachokwenda kufanya, mpaka tuhakikishe ameelewa. Wengine niliwaeleza. Wewe nilikusukumia fomu nikakuonyesha pa kusaini, kwa sababu ni baba yangu, nilikuwa na haraka, na ukweli ni kwamba kinyongo kilikuwa bado hakijaisha. Dakika moja tu ingetosha. Nisamehe.

Pumzika, Baba. Maombi ya chuo kikuu nimeshajaza, na saikolojia ndiyo chaguo la kwanza. Mama anajua na hakubisha. Siku moja watu watakaa mbele yangu na mambo mazito kuliko orodha ya maneno, na wapo watakaokuja wamekariri majibu kwa kuogopa kukosea. Nakuahidi kwamba kila mmoja wao, kabla hajafungua mdomo, nitamwambia kile ambacho sikukuambia wewe: huu si mtihani, na huwezi kuniangusha.

Mwanao,
Wanjiru