Chuma Kinaposahau Nyundo

Ikwiriri, Alhamisi

Mdogo wangu Zuhura,

Nakuandikia nikiwa barazani kwa mhunzi, nasubiri basi la kunirudisha Dar. Mvua na jua vimekuja pamoja, lami inatoa mvuke, na hewa yote inanukia ufuta. Ni kama niko ndotoni.

Huyu mhunzi, Bwana Mbonde, anafua majembe kwa springi za malori. Jembe likipoa, analigonga taratibu kwa kinyundo kila mahali, kama anayebembeleza mtoto. Anasema hapo halipasuki upesi. Nikatoa mkobani lile bapa la pangaboi la mtambo wa gesi lililopasuka, nikamwambia kwamba wewe, mdogo wangu, huyapiga hivyo hivyo karakanani, kwa vigololi vya chuma.

"Likishapigwa linakaa wapi?" akauliza.

"Motoni, kutwa kucha."

Akatabasamu. "Basi mnajichosha, dada. Chuma kikirudi motoni kinasahau nyundo yote."

Kinyundo chake kikaendelea, mvua nayo, nami nikalirudisha bapa mkobani. Jambo hilo nililisoma chuoni: moto hufuta nguvu yote ambayo chuma kilipata kwa kugongwa. Zuhura, tangu bapa lile lipasuke huli vizuri, unasema mkono wako ulikosea, nami nimekuacha useme. Mkono wako haukukosea. Karatasi ya kazi iliyokuagiza kutegemea vigololi hata kwa mabapa yanayokaa motoni niliiandika mimi, na Jumatatu nitasema hivyo mbele ya karakana nzima.

Nakuletea mchele mpya wa huku. Upike, ule ushibe.

Dada yako,
Mwanahawa