Dada Hakuonekana

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekukosea. Nimeona niliseme hilo kabla hata ya kukuuliza hali, maana najijua, nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe. Haya, u hali gani? Goti linaendeleaje? Na shemeji, kifua kimeacha kumsumbua? Huku wote wazima, ila mimi kichwa hakijatulia. Juzi nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja, fundi mwenzangu akauliza kama huyo mteja ni mtu au kaa.

Unanijua na mashairi yangu. Mama aliniita Kidole kwa sababu nilikuwa nahesabu silabi mezani, nane upande huu, nane upande ule, chakula kinapoa. Mpaka leo ndivyo nilivyo. Mstari ukinijia nipo kwenye cherehani, nauandika kwa chaki kwenye kitambaa kilicho karibu. Mwaka jana mteja mmoja alirudi amefura, akasema amekaa kikao kizima kazini na maneno "ewe moyo wangu tuli" mgongoni. Nilimwomba radhi, lakini kimoyomoyo nilitaka kumuuliza waliosoma walisemaje.

Sasa lile shairi la mama. Tulipokutana nyumbani kwake baada ya mazishi, mjomba alitaka niseme chochote, kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno. Nikasoma. Nilipofika pale penye "Aliyemwosha ni mimi, dada hakuonekana", mama mdogo alilia kwa sauti. Mjomba akanikumbatia, akasema kumbe marehemu hakuwa peke yake. Wao wanakaa mbali, walijua yale tu tuliyowasimulia kwenye simu. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sinia la vikombe. Miaka miwili ulilala chumba kimoja na mama, ukamgeuza, ukamwosha, ukamlisha kwa kijiko. Mimi nilikuja Jumapili na mfuko wa machungwa, nikasimama hapohapo mlangoni, nikasema harufu ya dawa inanipa kizunguzungu. Siku ile ya shairi uliosha vikombe vyote, ukavipanga, ukaondoka bila kuaga.

Mjomba akalichapisha lile shairi, akalitia kwenye fremu, likatundikwa sebuleni kwa mama. Ulipokuja kuchukua nguo zako, mama mdogo akadakia, "Jamani, Hakuonekana leo kaonekana!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, dada. Nilicheka kwa sababu lile neno lilikuwa langu, na lilikaa vizuri mdomoni mwa mtu mwingine. Tangu hapo ndilo jina lako kwa ndugu wote, na tangu hapo hupokei simu yangu.

Mwezi uliopita binti yangu alikuwa ananisaidia kushona vifungo. Bila hata kuinua macho akaniuliza, "Baba, bibi alipooshwa, beseni nilikuwa nashika mimi, na shangazi ndiye aliyekuwa anaosha, wewe hasa ulikuwa wapi?" Nikamweleza kwamba shairi si taarifa ya habari. Nikamwambia kina cha kati kilikuwa "mi", nusu ya kwanza ya mistari yote ya juu ilikuwa imeishia na "ulimi" na "uchumi" na nini sijui, sasa "dada" ningemweka wapi? Shairi lingevunjika. Akasema sawa baba, akaendelea na vifungo vyake. Ile "sawa baba" naisikia mpaka leo.

Nilijiaminisha hivyo, kwamba ni kina tu. Wiki iliyopita akaja mteja wa zamani, anataka suruali kama ile ya mwaka jana. Nikatoa daftari la vipimo nitafute kiuno chake. Kwenye ukurasa wake, chini, kwa penseli, kuna shairi la mama. Si lile la kwenye fremu. Ni la kwanza. Kina chake cha kati ni "da". Muda, shida, ziada, yote yamejipanga bila taabu, halafu: "Aliyemwosha ni dada, mimi sikuonekana." Nimehesabu kwa vidole mara tatu mbele ya yule mteja. Nane, nane. Halikuvunjika popote. Juu yake kuna mstari wa penseli, nimelikata kwa mkono wangu.

Kwa hiyo si kina. Basi ni nini? Sijielewi. Wivu? Aibu? Nakumbuka tu kwamba nilimwona mjomba, kichwani mwangu, akilisikia lile la kweli, mkono ukakata. Na kuna mengine mawili naogopa hata kuyaandika. La kwanza, lile la uongo ni zuri zaidi. Nikilisoma, mwili bado unanisisimka. La pili, nimelisoma mara nyingi mpaka nimeanza kukumbuka. Nakumbuka maji ya uvuguvugu na mgongo wa mama mkononi mwangu. Nakaa najiuliza, labda hata siku moja nilimwosha? Niambie wewe uliyekuwepo. Ukisema hapana, nitajua ni hapana, na hata hayo maji nitayarudisha kwako.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimezoea kupata ninachotaka kwa kupanga maneno, na hapa sitaki kupanga.

Msalimie sana shemeji. Mke wangu anakusalimu, na binti yangu anasema ana hamu na wewe, si na mimi.

Jumapili ya tarehe kumi na nne mama anatimiza mwaka tangu atutoke, na ndugu wote watakuwepo sebuleni kwake. Uje au usije, saa nne asubuhi nitaiteremsha ile fremu mbele ya mjomba, nitoe lile shairi, niweke ukurasa wa daftari, na vipimo vya yule bwana vikiwa juu yake na ule mstari wangu wa penseli ukionekana. Kisha nitalisoma kwa sauti ileile niliyosomea lile la uongo, bila kueleza chochote kuhusu vina. Na mama mdogo akitaka kumwita mtu Hakuonekana, nitaitika mimi.

Mdogo wako,
Kidole