Mwanamume Aliyembeba Mama Yako

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok, hujambo? Hapa Kanamkemer tu wazima. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeuliza kama naamini matangazo ya filamu za mapigano. Niliwahi kuamini. Miaka ya tisini, kwenye vibanda vya video vya Kakuma, karibu na kambi ya wakimbizi, mwenye makovu usoni ndiye aliyeteka watoto kila mara.

Siku moja mama yako, angali mdogo, alipotea sokoni. Nikamwona mkimbizi Msudani mwenye chale kwenye paji la uso amembeba.

"Mwizi wa watoto!" nikapiga mayowe. Watu wakaokota mawe.

Akaniuliza kwa upole, "Mama, mtoto hii ni yako? Alikuwa nalia kwa barabara."

Hapo nikaelewa, nikasimama mbele yake. "Msimpige! Nimekosea!"

Mawe yakaanguka chini. Mama yako alikuwa amelala begani kwake, salama.

Nyanya yako, ambaye bado hushukuru.