Ukijani wa Ziwa Basotu

Jumatatu, 6 Oktoba 2008
Nimesoma kipimo cha ziwa kama kila asubuhi. Maji yamepungua tena. Ukingo wa magharibi una utando wa kijani, mzito kama rangi iliyomwagika. Unanuka. Pampu ya kijiji bado mbovu.

Jumatano, 8 Oktoba
Mtafiti aliyefikia nyumba ya wageni amenionyesha picha ya setilaiti kwenye kompyuta yake. Ziwa letu, dogo kama ukucha. Magharibi kijani, mashariki safi. Ni mwani, anasema, na una sumu.

Nimekwenda kwa Mzee Gidamis. Ng'ombe wake hunywa magharibi, tena kwa makusudi: wafugaji hapa huamini ukijani ni magadi yanayopanda, hunenepesha. Nimemwamkia, nimemweleza. Akacheka. "Mwanangu, hicho kidude kinaona ziwa, hakioni kwamba hatuna mvua?"

Lakini amekubali kuhamia mashariki. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ng'ombe wamekunywa mashariki. Maji safi. Mzee ameniletea kibuyu cha maziwa nyumbani.

Jumamosi, 11 Oktoba
Upepo umegeuka tangu jana. Sasa unatoka magharibi. Sipendi. Nimemuuliza mtafiti kama kuna picha mpya. Hakuna, mpaka setilaiti ipite tena. Ile ya kwanza ilipigwa lini? Juma moja kabla ya kunionyesha.

Jumapili, 12 Oktoba
Utando wote umesukumwa mashariki, umerundikana mzito kuliko ulivyokuwa magharibi. Nimekimbia. Nimekuta ng'ombe wameshaingia majini mpaka magotini. Nimepiga kelele, nimepunga shati. Mzee naye aliwapiga fimbo. Ng'ombe mwenye kiu hasikii.

"Si ulisema huku?"

"Upepo, Mzee. Upepo umeuleta."

"Basi niwapeleke wapi?"



Jumatatu, 13 Oktoba
Ng'ombe walianza kutetemeka alfajiri. Sita wamekufa, pamoja na yule mwekundu aliyekuwa akikamuliwa. Bwana mifugo amekuja. Sumu hii haina dawa, amesema, akakaa chini pamoja nasi.

Mzee hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 15 Oktoba
Picha mpya imefika. Ni ya Jumapili. Hakuna hata wingu. Ukingo wa mashariki umekolea kijani, unapendeza. Nimeinama karibu na kioo nikitafuta mahali tuliposimama. Ng'ombe hawaonekani. Ni wadogo mno.

Nimesoma kipimo. Maji yamepungua.