Paneli iliyolala kifudifudi

Cyprien, nimejiaibisha mbele ya soko zima la Kadutu. Soko zima!

Unaikumbuka paneli yangu ya sola, ile ya aina ya polycrystalline ambayo Maman Nsimire aliyeniuzia aliniapia kwamba hata mvua ya mawe haivunji kioo chake? Siku nane haijaleta umeme, na wanafunzi wangu wa sixième, darasa la mwisho la sekondari, wanasomea kwenye kompyuta yangu. Examen d'État, mtihani wao wa taifa, ni Jumatatu.

Basi asubuhi nikamwambia mbele ya wateja wake, kwa sentensi iliyopangika: "Maman, unauza vitu vya uongo." Mimi mwalimu mzima, Cyprien! Wateja wawili wakarudisha paneli mezani, wakaondoka.

Alifunga kibanda, akanifuata hadi nyumbani, akapanda juu ya bati. Kisha akacheka, akacheka.

"Prof, panneau iko inalala kifudifudi! Jua itaiona namna gani?"

Ni mimi niliyeigeuza. Wiki iliyopita, askari walipopita wakibandua paneli za watu, niliificha uso ili wasiitambue. Risasi zilipotulia nikarudi kwenye masahihisho yangu, nikasahau kabisa.

Akaigeuza. Umeme ukaja papo hapo, na kioo hakina hata mkwaruzo.

Nikaomba msamaha palepale. Akakataa!

"Zéro ulinipatia mbele ya watu, prof. Utaisahihisha mbele ya watu."

Sasa nimesimama juu ya kiti chake sokoni. Nimekwisha kutamka kosa langu mara mbili. Anasema wauza samaki wa chumvi, makayabu, kule nyuma hawakusikia, nirudie kwa sauti ya darasani.