Aliyekaa Nyuma Yangu

Evere, Jumanne

Hatimaye kocha wa chuo cha Marekani amejibu. Ameitazama video yangu ya kupiga makasia. "Unajitahidi," ameandika, "ila huyo aliyekaa nyuma yako ni bora zaidi. Nitumie jina lake."

Nyuma yangu! Boti yangu ina kiti kimoja. Nimeirudia video mara sita, najiona mimi tu.

Nikamwuliza maman, maana ndiye aliyenirekodi kutoka kando ya mfereji.

"Donc, si mulikuwa wawili?" akasema, akiendelea kumenya viazi. "Ule mwenzako hachoki hata. Na aliniangalia mimi njia yote."

Nafasi kwenye timu yake imebaki moja, nami nimeihangaikia miaka minne. Naogopa kumjibu kocha.

Kesho asubuhi nina mazoezi. Nilitaka kuandika "peke yangu".