Maji Aliyoyameza Baba

Jumapili, katikati ya Juni. Soweto, Mbeya.

Baridi ya leo inauma mpaka kwenye kucha. Nimetoka kanisani, nimekaa karibu na jiko la mkaa, naandika kwa kidole kimoja kama Neema binti yangu alivyonifundisha. Yeye ndiye aliyenifungulia hii blogu. Alisema, mama, badala ya kuongea peke yako ukiwa unashona, andika. Mimi niliishia la saba, kwa hiyo nikikosea mnivumilie.

Moyo haujatulia tangu jana.

Jana tulikuwa Mafinga kwa baba yangu, mimi na mwanangu Festo. Festo ni askari. Alhamisi anaondoka na wenzake kwenda Kongo, wanasema kulinda amani. Mimi hayo maneno huwa yananichanganya, maana kama amani ingekuwepo wasingeenda na bunduki. Kwetu mtu akienda safari ya namna hiyo hapiti hivi hivi. Anapiga magoti mbele ya mzee wa ukoo, mzee anasema maneno yake, anatia maji mdomoni, anampulizia kifuani na kwenye viganja. Ndiyo baraka yetu. Padre anajua na hajawahi kusema kitu.

Mzee wetu ni baba. Anakaribia themanini. Alikuwa mgambo, akachukuliwa vita vya Kagera, akafika mpaka ndani ya Uganda, akarudi. Baadaye akawa mlinzi kwenye kiwanda cha mbao mpaka miguu ikakataa. Nilijua mtu aliyetoka vitani akarudi mzima ndiye hasa wa kumbariki mwanangu. Nilienda na moyo mweupe kabisa.

Tulimkuta amekaa kwenye jua na shangazi Yustina, dada yake, ambaye ndiye anamtunza. Shangazi alipomwona Festo alimsalimia kwa utani wake.

"Kamwene, mume wangu. Umenenepa. Huko jeshini wanawalisha, au mnakula vya raia?"

Festo akacheka. Baba hakucheka. Hilo nililiona, nikalipuuza.

Maji yakaletwa kwenye kibuyu. Festo akapiga magoti, akafungua viganja. Baba akaanza maneno vizuri, akawataja wazee mmoja mmoja. Akatia maji mdomoni. Tukangoja. Akakaa na yale maji mashavu yamejaa, anamtazama Festo mikono. Kisha nikaona koo lake linapanda na kushuka.

Aliyameza.

Shangazi akasema, "Kaka, hayo si ulanzi. Hayamezwi."

Baba akasema, "Nimeshindwa."

Mzee akishindwa kutoa maji, kwetu hilo si jambo la kucheka. Ni kama kumwambia mtu asirudi. Nikapandisha sauti mbele ya mwanangu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia baba. Nikamwambia, "Baba, unamfungia njia mtoto wangu, amekukosea nini?"

Akasema, "Hajanikosea. Kaa, mama."

Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Naandika alichosema kama nilivyokisikia, kwa sababu nikikiacha mpaka kesho nitaanza kukilainisha.

Kwanza cherehani. Wanaonijua wanajua cherehani yangu, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutika. Ilikuwa ya mama kabla haijawa yangu. Baba alirudi nayo kutoka vitani, kichwa tu, kimefungwa kwenye blanketi, halafu fundi wa Mafinga akaitengenezea meza ya mbao ya msindano. Mimi nilikuwa na miaka saba au minane. Sabuni ilikuwa hakuna, tunafulia majivu. Sukari tulisahau. Mama yangu alikuwa anashona kwa mkono nguo za kijiji kizima, vidole vimetobokatoboka. Siku cherehani ilipoingia ndani alilia. Tukaambiwa baba aliinunua huko. Na mimi miaka yote hii nimewaambia wateja hivyo hivyo.

Jana baba alisema hakuinunua.

Alisema waliingia kwenye mji mdogo, maduka yako wazi, watu wanabeba. Mkuu wao alikuwa amewakataza, na walimsikia. Yeye aliingia kwenye nyumba moja akakuta mwanamke amekaa anashona. Risasi zinalia mtaa wa pili, huyu anashona tu. Alikuwa anamshonea mtoto gauni, mkono mmoja umeshakwisha.

"Nikamfikiria mama yako," baba akasema. "Nikafikiria vidole vyake. Nikamwambia yule mwanamke ainuke."

Akainuka. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimwambia kwa Kiswahili, niachie nimalize mkono uliobaki.

"Ukamwachia?" Festo akauliza.

"Sikumwachia. Niliogopa wenzangu wataniacha. Nikakifungua kichwa, nikakifunga kwenye blanketi na gauni likiwa bado chini ya sindano."

Hapo nikalikumbuka lile gauni. La njano, lina madoadoa meupe. Mama alilimalizia mkono wa pili kwa kitambaa cha pazia kwa sababu cha njano hakikuwepo. Nililivaa Krismasi. Nililipenda kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa, na watoto wenzangu walinionea wivu wakaniita Mikono Miwili Tofauti.

Nililivaa mpaka likanibana.

Festo alijaribu kumpoza. Akasema, "Babu, siku hizi tunafundishwa. Kuna sheria, mtu akigusa mali ya raia anashtakiwa."

Baba akamwambia, "Hata sisi tulifundishwa, mjukuu wangu. Mimi sikuwa mtu mbaya nilipoondoka hapa. Mama yangu alinipulizia maji pale pale ulipopiga magoti. Akaniambia, nenda na urudi na mikono hii hii. Nikaitikia upesi, kwa sababu nilijua kabisa mimi siwezi kuiba. Sasa kinywa changu kikuambie nini?"

Halafu akanigeukia mimi. "Mpulizie wewe."

Nikamwambia wanawake hawapulizi.

"Mama yangu alikuwa mwanaume?"

Shangazi Yustina akasema taratibu, "Ni kweli. Baba yetu alikuwa ameshafariki, mama ndiye alisimama." Akainua kibuyu akanipa. Nilikishika nikakirudisha. Nilisema gari la Mbeya litatuacha. Lilikuwa halituachi, magari yako mengi. Nilikimbia.

Njiani tuliongea habari za mvua na bei ya mbolea. Mtoto wa mtu anakwenda Kongo na mimi naongelea mbolea.

Sasa kilichonikimbiza. Sijawahi kukisema kwa mtu.

Mimi nilijua.

Ile cherehani ina kibati kidogo kinachosogezwa unapotaka kubadilisha uzi wa chini. Ukikigeuza, upande wa ndani, mtu amekwaruza jina kwa ncha ya sindano. Nakato. Nililiona siku nyingi sana, mwaka niliorithi. Mtu anayeuza kitu chake kwa hiari anafuta jina au anakwambia habari zake. Mimi si mjinga. Nililiona, nikarudisha kibati, nikaendelea kukanyaga. Sikumwuliza baba kwa sababu nilikuwa na watoto wawili na marehemu mume wangu alikuwa mgonjwa, na cherehani ilikuwa inashona.

Imeshona sare za nusu ya shule za hapa Soweto. Imemsomesha Neema. Shati jeupe alilovaa Festo siku ya usaili wa jeshi nililishona kwa hiyo hiyo.

Watu husema vile vita tulishinda. Ni kweli tulishinda, na wanaume wengi wa kwetu walikufa kwa ajili hiyo, siwadharau. Tulipigiwa ngoma, watoto wa shule tuliimba barabarani. Ila wimbo ulikuwa na beti za waliokufa na za walioshinda. Ubeti wa vitu vilivyokuja kwenye mablanketi haukuwepo. Nchi nzima ilinyamaza kama mimi nilivyonyamaza na kibati. Nafikiri na huko Uganda kuna mama wa umri wangu ambaye anakumbuka Krismasi bila gauni. Simjui, lakini najua kipimo chake cha bega.

Leo baada ya kanisa nilimpikia Festo ndizi na maharage. Nikaona nikingoja Alhamisi sitasema. Nikafungua kibati, nikakiweka mezani kando ya sahani yake. Nikamwambia, baba, soma hapa. Festo naye huwa namwita baba.

Hakukigusa. Akasema, "Nalijua, mama."

Nikamwuliza amelijulia wapi.

"Nikiwa darasa la pili. Nilikuwa nakutungia uzi. Nikakuuliza Nakato ni nani, ukanipiga kofi."

Nilimwambia anasema uongo. Akatabasamu, akaniambia, "Sawa mama, ni uongo," akaendelea kula. Ndipo nikajua ni kweli, kwa sababu Festo anapobishana anabishana mpaka jioni. Akikubali haraka ujue anakuhurumia.

Sikumbuki lile kofi. Hata nikijitahidi silioni. Kumbe aliyepigwa ndiye anatunza.

Nikafikiria: huyu mtoto anakwenda kuingia kwenye nyumba za watu, kwenye vijiji ambavyo akina mama wako peke yao. Na somo lake la kwanza juu ya kitu cha watu kilichomo ndani ya nyumba yetu nilimpa mimi, kwa kiganja. Somo lenyewe lilikuwa usiulize.

Nilimwomba msamaha. Kwetu mama haombi msamaha kwa mtoto, sikujua hata nisimame au nikae. Nilisimama. Yeye naye akasimama kwa heshima, tukawa kama watu wanaongoja basi.

Akasema, "Yameisha, mama. Ila niambie kitu kimoja. Utanipulizia au nitaenda hivi hivi?"

Nikamwambia hata kinywa changu si safi.

"Basi ukisukutue," akasema. "Babu ameyameza yake, padre hana maji ya ukoo, nimebaki na wewe. Na Alhamisi gari linatuchukua alfajiri, mama, hii baridi unaiona. Usije ukanimwagia maji ya barafu."

Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikamwambia nitayapasha.

Sasa amekwenda kuwaaga rafiki zake, nami natafuta maneno ya kusema kabla ya yale maji. Siwezi kumwambia urudi na mikono hii hii, baba aliambiwa hivyo na akaitikia upesi. Nimefikiria nimwambie: ukibeba kitu, ukifanya kitu, njoo unieleze, nitakuuliza, na sitakupiga. Ni maneno madogo. Hayafanani na ya wazee. Lakini ndiyo niliyo nayo.

Wiki zote hizi nimesali sala moja tu, arudi. Kila mama mwenye mtoto askari anaisali. Tangu jana nimeongeza ya pili, kwamba yule atakayerudi awe bado ni Festo. Kila nikifika kwenye hiyo ya pili naogopa, nahisi kama Mungu ataniambia, chagua moja.